Kiti cha Dragutin

Msinisifu. Kazi yangu ilikuwa kurudisha utepe nyuma,
kupangusa majivu ya sigara juu ya mitambo,
na kumpelekea Tihomir chai isiyo na sukari;
sukari, alisema, humfanya aandike uongo.

Zagreb, Februari, mwaka wa sabini na moja.
Theluji imegeuka tope jeusi kando ya reli ya tramu.
Mchana Tihomir ni karani wa reli, anahesabu mabehewa;
usiku anahesabu silabi.
Wimbo aliuanza nyuma ya hati ya makaa ya mawe,
tani kumi na nane kwenda Rijeka,
na chini ya muhuri, kwa penseli:
nitakupenda milele.

Mkewe, Vlatka, alikuwa anapiga pasi.
Hakuinua macho.
"Milele ni neno la makaburini.
Wewe hata siku ya kodi huikumbuki.
Ahidi unachoweza kutimiza."
Pasi ikashusha pumzi.

Siku tatu Tihomir hakusema na mtu.
Ya nne akaja na mstari mmoja:
niachie taa ya ngazini.
Basi. Taa ya ngazini.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikachekea kwapani:
haya ni mapenzi, au maagizo kwa bawabu?

Studio yetu ilikuwa chini ya sinema.
Tulirekodi baada ya saa sita usiku,
farasi wa filamu wakishalala.
Wapiga fidla wanane walishuka kutoka opera
na makoti yao meusi, wananuka vitunguu,
wakiuliza malipo kabla ya kuuliza ufunguo wa wimbo.
Nyuma yao Dragutin, mnene, mpole,
akiikumbatia besi yake kubwa kama mgonjwa anayeteremshwa ngazi.

Ljerka alikuja na mafua. Kofia alikataa kuivua.
Mara ya kwanza aliimba vizuri mno,
wimbo ukateleza kama sabuni, haukushikika.
Mara ya tano alilia.
Vjeko, fundi wetu, akabonyeza kitufe:
"Usimlilie, bibi. Mwambie tu."
Mara ya nane pua.
Mara ya tisa bomba la maji.
Mara ya kumi hakuna aliyejua kosa ni la nani.

Ya kumi na moja, sauti yake imechakaa
kama kiwiko cha koti,
akafika pale: niachie taa —
akavuta pumzi —
na kiti cha Dragutin kikalia.
Kwiii.

Mkono wa Vjeko ulipanda kusimamisha, ukaganda hewani,
maana Ljerka alikuwa amegeuza kichwa.
Amesikiliza. Amengoja.
Kama kuna mtu amekanyaga ngazi ya kwanza.
Ndipo akamalizia, polepole, karibu aseme tu:
ya ngazini.

Tulirudia mara mbili zaidi, safi kabisa, bila kiti.
Tihomir alizisikiliza zote, kofia magotini.
"Ile yenye kiti," alisema. Akawahi tramu ya alfajiri,
kwa kuwa mabehewa hayamngoji mtunzi.

Mengine mnayajua. Arusi. Redio za kambini.
Vlatka alipozikwa, mtu aliuimba kwa mluzi,
akasahau, akaacha katikati.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani, kwenye majokofu ya njegere.
Fidla zikaanza juu ya dari.
Wameusafisha upya, kwa mashine mpya,
nimesoma gazetini: hakuna vumbi, hakuna mikwaruzo.
Nikasimama na mfuko wa barafu mkononi.
Niachie taa — pumzi —

kimya. Laini. Kimeng'olewa kama jino.
Ljerka anangoja, na hakuna aliyekanyaga ngazi.

Nikalia mimi, kwa meno.
Kwiii.
Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu.
Njegere zilikuwa zimeanza kudondoka maji.